Mwongeli Nyamai na Umri Tulioubuni

Tarehe 30 Juni 1996, Bi. Mwongeli Nyamai anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika idara yetu ya eksirei. Kamati ya sherehe iliniomba niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajaribu, ila nina hasira.

Alianza kwa kuosha filamu kwa mkono kwenye chumba cha giza. Aliwahi kumtimua humo daktari bingwa aliyeingia na kikombe cha chai, na chai yenyewe akainywa yeye. Mashine ya kupiga picha za ubongo ilipokuja mwaka 1989, alikisoma kitabu chake hadi kurasa zikachomoka.

Wazee waliopotewa na kumbukumbu waliletwa kutoka mitaa ya Kibera na Kawangware, wengine wameshaombewa mapepo yatoke hadi wachungaji wakakauka sauti. Kwenye filamu zao Mwongeli aliona weusi kandokando ya mashimo ya kawaida yenye maji katikati ya ubongo, na vitundu vidogo vidogo: mishipa midogo iliyoharibika, mara nyingi kwa presha isiyotibiwa. Madaktari wetu waliandika neno moja tu: uzee.

Waliandika hivyo kwa sababu fomu ilisema miaka themanini. Na fomu nilijaza mimi, karani wa mapokezi. Asiyejua mwaka aliozaliwa, mradi ana mvi na mapengo, nilimpa themanini foleni isogee.

Mwaka 1993 Mukai alimleta mumewe, Mulei, fundi viatu wa Kianda, kule Kibera. Themanini, nikaandika. Mwongeli akaketi na Mukai kwenye benchi, akauliza habari za vita na njaa. Kumbe Mulei alikuwa mtoto wa miaka minane, wa kuchunga mbuzi, kakake alipopelekwa vitani Burma mwaka 1944. Alikuwa na miaka hamsini na saba!

“Madam, huyu si mzee hivyo,” Mukai alilia. “Ni mgonjwa.”

Mwongeli aliirudisha filamu kwa daktari mara tatu. Akaambiwa kazi yake ni kupiga picha, wasomaji wapo. Presha ya Mulei haikupimwa mpaka mkono wake wa kulia ulipokufa kwa kiharusi, miezi minne baadaye.

Tangu hapo kila mzee huulizwa maswali ya Mwongeli kabla ya picha. Mwaka jana wakubwa walisifiwa kwa utaratibu huo kwenye mkutano wao, na jina lake hawakulitaja. Aibu kwao, na kwangu.

Mulei yuko hai. Akishikwa mkono na Mukai kwenda Soko la Toi, humwuliza njiani, “Wewe ni nani?”

Bi. Mwongeli, asante, na unisamehe. Tunakuombea maisha marefu yenye heri. Na siku ukisahau jina la mtu, apatikane wa kukupima presha kabla hajakuandikia uzee.