Kitanda Kilichogeuzwa Kiangazi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza, poleni kwa jua na asanteni kwa kufika. Mimi ni mkwe wa marehemu, mke wa mwanawe wa mwisho, na karatasi hii nimepewa na baba mkwe, aliyesema kwamba aliyemwogesha ndiye amsomee. Sauti yangu ni ndogo, mlio nyuma mnivumilie.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Alianza shule ya msingi mwaka 1970 na kumaliza darasa la saba mwaka 1976, na huko mwalimu wa jiografia alimpa chaki za rangi achore ramani ubaoni, ramani ikakaa wiki nzima kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifuta, ila nafasi ya kuendelea na masomo hakuipata, kwani nyumbani mikono yake ilikuwa ikisubiriwa.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika karakana ya sare za shule, kazi yake ikiwa kutia vifungo, vyeupe kwenye mashati na vyeusi kwenye kaptula, na alikuwa akisema kwamba kifungo chekundu kikionekana mezani kwake, basi kimepotea njia. Tarehe 8 Septemba 1984 alifunga ndoa na baba, fundi rangi, wakajaliwa watoto watatu, wifi zangu wawili na mume wangu, wote wapo hapa.

Mwezi Juni 1999 mama yake baba, aliyeitwa Bibi Amri, alianguka kwa kiharusi, akalazwa katika chumba cha uani, juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali, kichwa mlangoni na miguu ukutani, maana Bibi alisema kulala miguu ikielekea mlangoni ni kwa mtu aliye tayari kubebwa. Mama aliaga karakana akidhani ni kwa mwezi mmoja. Ikawa beseni, uji, kumgeuza mgonjwa, kufua mashuka, beseni tena, na safari yake ndefu ilikuwa kwenda gengeni na kurudi kabla sufuria haijachemka, kwa sababu Bibi akiita mara mbili bila kujibiwa, mtaa mzima ulijua.

Kiangazi cha mwaka ule, alipoona mgonjwa anautazama ukuta mtupu kutwa nzima, mama aliomba mabaki ya makopo ya baba, na kwa kuwa baba alipaka zaidi shule na zahanati, yalikuwa krimu na kahawia tu, basi akachora kuku. Bibi aliutazama ukuta, akauliza, "Huyo ni kuku au birika?" Mama akamjibu, "Ni kuku, mama, ila maji yakichemka nitakuita." Wanasema Bibi alicheka upande mmoja wa uso, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu augue.

Tangu hapo kila kiangazi, rangi inapokauka upesi na harufu kutoka upesi, mama alichora upya, akitegemea wateja wa baba. Kinyozi alipotaka duka la buluu ukuta ukapata maji na watoto wanaopiga mbizi, mwenye bucha alipotaka mlango mwekundu ukapata tikitimaji lililopasuliwa, na chekechea ilipopakwa njano likaja jua lenye kofia, kwa sababu Bibi alilalamika kwamba linamchoma. Mama mwenyewe hakuwa amepiga mbizi tangu aolewe.

Bibi alifariki Februari 2013. Mama alinunua viatu vya kutembelea, akasema sasa atazunguka mpaka majirani wamsahau sura, lakini mwaka 2014 kisukari kikabisha hodi, na mwaka 2017 mguu wa kushoto ukakatwa, wa kulia ukafa ganzi. Sasa akalazwa yeye, kitanda kile kile kilichoinuliwa kwa matofali, chumba kile kile, kichwa mlangoni, miguu ukutani. Mimi niliolewa katika nyumba hii mwaka 2019, na mwaka 2022, alipozidiwa, niliacha mafunzo ya ushonaji nikamuuguza.

Mwezi wa Desemba uliopita alimwomba baba ageuze kitanda. Baba alikataa, akasema, "Mama yangu alikataza, na mimi siwezi kukulaza kama maiti." Mama akamwambia, "Mzee wangu, mauti hayaulizi miguu imeelekea wapi. Mama yako nilimchorea mpaka akaenda, na mimi natazama michoro yangu mwenyewe, hata na lile tikitimaji tumechokana." Baba alitoka, akakaa kwenye ndoo ya rangi uani, na kwa siku kadhaa hakuingia chumbani ila kwa salamu.

Jumapili tarehe 5 Januari 2025 aliingia mwenyewe, akaniambia, "Mkwe, shika huku." Tukayatoa matofali, tukakigeuza, tukayarudisha. Mama aliuona ua wa nyumba. Aliona kamba ya nguo, kanga na sketi za watoto zikipepea kila moja na rangi yake, akaona wajukuu wakirushiana maji kwa mpira tulioazimwa na jirani, akapiga kelele, "Mnyunyizie babu yenu, anajifanya hajaloa!" Kila siku mlango ulifunguliwa asubuhi, na mara nyingine maji yalimfikia mguuni, akasema anayasikia, ingawa ganzi ilikuwa bado ipo.

Alituacha Jumamosi tarehe 18 Januari, mchana, watoto wakiwa kwenye beseni. Najua yapo maneno kwamba kitanda ndicho kilichomwita. Daktari alikwisha kutueleza tangu Agosti kwamba figo zimechoka, na baba anaomba maneno hayo yaishie hapa.

Wiki ile ya mwisho mama alisema mbele yetu sote, "Chumba hiki msimrithishe mkwe wangu. Mgonjwa akitokea, pokezaneni, na huyu arudi kwenye cherehani." Nilitaka kuyaruka maneno haya, baba amenikataza. Wifi zangu wamekubali, na mafunzo yanaanza Machi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya kisukari, wenzake wa karakana waliokuja na vifungo vya kila rangi wakavishona kwenye gauni alilovaa leo, mafundi rangi wenzake baba, na jirani yetu wa mpira, ambao bado hatujaurudisha.

Mama, mguu wako umeelekea mlangoni, na uani bado kuna maji na watoto. Pumzika kwa amani.