Mama Makadirio Anatuachia Kiti

Ifikapo tarehe thelathini Juni, mkuu wa kitengo chetu cha makadirio ya matumizi ya umeme atastaafu baada ya kulitumikia shirika kwa miaka thelathini na miwili. Shirika zima linamwita Mama Makadirio. Jina hilo alijipa mwenyewe, anasema, kabla hatujampa baya zaidi.

Kazi ya kitengo chetu ni kukisia leo umeme utakaohitajika mwakani, mtaa kwa mtaa, kisha kungoja mwaka ufike utuumbue. Mama ameifanya kwa moyo mkunjufu. Hata harusi ya bintiye aliikadiria yeye, na wageni wa meza za nyuma wakaondoka na soda tu. Kila mwajiriwa mpya husimuliwa kisa hicho na Mama mwenyewe, ili asije akamwamini mno.

Jambo kubwa analotuachia ni mpango wa kuwaleta wanafunzi wa uzamili kufanya utafiti ndani ya shirika. Wakubwa waliukubali shingo upande, wakidhani vijana watatoa nakala za barua na kupiga picha kando ya transfoma. Mama akashikilia kwamba kila mwanafunzi achague swali lake na aonyeshwe takwimu zote.

Wa kwanza alitaka kujua kwa nini transfoma za mitaa ya viwandani zinaungua kila msimu wa joto. Jibu likapatikana: makadirio yalikuwa mabovu. Ya nani? Ya Mama. Alikuwa amehesabu viwanda, akasahau vyumba vya wapangaji vilivyoota nyuma yake, kila kimoja na feni, pasi na friji kuukuu.

Mwanafunzi huyo nilikuwa mimi. Nilimpelekea ripoti yeye mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Aliisoma yote bila kuniangalia, kisha akavua miwani.

"Mwanangu, umenivua nguo mchana kweupe," akasema. "Haya, kaa hapo, tuzitafute pamoja."

Wakubwa walitaka ripoti izikwe na mpango ufungwe. Mkurugenzi wa wakati huo alimwambia wazi kuwa akiiwasilisha, asahau cheo alichokuwa akikingojea. Akaiwasilisha.

"Kosa ni langu, na aliyeliona ni huyu binti," alikiambia kikao. "Mkimfukuza yeye, mtabaki na mimi."

Kikao kizima kikaangua kicheko, na mpango ukapona. Cheo akapewa mwingine. Transfoma zikaongezwa, na msimu wa joto uliofuata umeme haukukatika kule. Tulikwenda kuhakikisha. Mama akasimama mlangoni mwa saluni moja akisikiliza mashine za kukaushia nywele zikinguruma zote kwa pamoja, akitabasamu peke yake, mpaka mwenye saluni akamuuliza kama amekuja kusuka. Akasuka.

Tangu hapo wamepita wanafunzi wengi. Mmoja alijaribu mita mpya, akawazimia umeme wahasibu wote. Mwingine alituthibitishia kwa grafu kwamba ofisi inayopoteza umeme kuliko zote hapa ni yetu, tunaowahimiza wananchi wazime taa. Mimi niliajiriwa, na makadirio yangu ya kwanza yalikosea kuliko yote aliyowahi kuyakosea yeye. Siku hiyo aliniita mrithi halali, akanikumbatia.

Sasa mkisikia Mama anakwenda kupumzika, msidanganyike. Amekubaliwa chuo kikuu kusoma uzamili, na ombi lake la utafiti limeshafika mezani kwangu, mimi ninayerithi kiti chake. Anataka kuchunguza makadirio ya kitengo chetu kuanzia siku atakayoondoka. Nimelisaini.

Asante, Mama, kwa kutufundisha kukosea bila kujificha. Tunakuombea afya njema, usingizi mnono wa asubuhi na wajukuu wasikivu. Na ukija na maswali yako, tuhurumie kidogo.