Hita ya Moris ya Bwana Afya

Benchi letu liko mbele ya gereji ya Fundi Hyasinti, hapa Mbinga mjini, na kahawa anatuuzia Mama Lukresia. Ilikuwa Julai, miaka ile vijiji vya ujamaa vinaanza, baridi ya Umatengo inauma mpaka kwenye kucha. Asubuhi hiyo Bwana Afya Mhina, mtu wa Tanga, alileta Moris yake kuukuu. Mkewe Valeria alikuwa amejifungua kabla ya siku zake, na mganga alisema kichanga kipelekwe Songea, ila kisipigwe na baridi njiani. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama huko Ngumbo, ziwani. Na hita ya Moris ilikuwa inavuja.

Fundi alikuwa na rejeta ndogo ya hita, ameing'oa kwenye Moris iliyopinduka Kigonsera. Akalala chali chini ya dashibodi, miguu nje.

— Fundi, aliuliza Pankras, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Huo moto wa hita unawashwa na nini?

— Hakuna moto. Maji yaliyochemka kwenye injini yanapita humu, feni inapuliza.

— Basi ni wizi! alidakia Nazari, jina lake la kijiweni Azimio. Hita inanyonya joto la injini. Mkifika mlimani injini itapoa, gari litasimama. Huo ndio unyonyaji wenyewe!

— Injini ikipoa si ndiyo vizuri? nikauliza.

— Wewe nyamaza. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Hiyo methali imeingiaje?

— Kuna mwana, hakuna?

Fundi alifungua mipira miwili, maji yakamwagika kwenye sufuria.

— Ndiyo hayo! Redio akaruka. Maji yakimwagika hayazoleki!

Fundi akaisogeza sufuria pembeni. Angeyarudisha yote baadaye.

— Mimi nasikia, Redio akaendelea, kuna Mzungu Njombe aliwasha hita usiku kucha. Asubuhi alishuka mweusi kuliko mimi.

Tulicheka. Bwana Mhina hakucheka. Alikuwa amesimama, kikombe cha kahawa kimepoa mkononi.

— Ndugu zangu, alisema taratibu, tangu jana mwanangu hajalia. Mama yake amemweka kifuani, anampa joto lake. Lakini na yeye anatetemeka.

Mama Lukresia akachukua kile kikombe, akammiminia kahawa ya moto.

Rejeta iliingia, vibano vikakazwa, maji yakarudishwa. Injini ikanguruma. Redio akatanguliza kiganja kwenye tundu la hita.

— Barafu!

Bwana Mhina alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Fundi alishika mpira mmoja: wa moto. Akashika wa pili: wa baridi.

— Hewa imeziba humo. Inataka kutokea juu. Gari lielekee mlimani, pua juu. Sukumeni!

Sikuwahi kuona benchi letu likiwa tupu kabla ya adhuhuri. Tulisukuma wote, Azimio akiimba kama yuko shamba la kijiji, mpaka Moris ikainua pua kwenye mwinuko wa kanisani. Fundi akafungua kifuniko cha rejeta kubwa, akawa anaongeza maji kidogo kidogo injini ikiunguruma. Gulu, gulu, gulu. Kisha kimya.

Redio akarudisha kiganja. Alimshika Bwana Mhina mkono, akauweka pale.

Valeria aliletwa, akaingia na kichanga ndani ya blanketi, milango ikafungwa, wakaondoka.

Siku zikapita, tukibishana bila raha. Ndipo dereva wa basi la Songea alipotushushia salamu: mtoto ananyonya mwenyewe, na analia mpaka wodi nzima inakosa usingizi.

— Ni kusukuma kwangu! alisema Azimio.

— Ni kiganja changu, akajibu Redio. Bila mimi nani angejua kuna baridi?

Serafina, mama mmoja kutoka kijiji cha Matiri aliyekuwa ametua kikapu chake cha maharage apumzike, alitusikiliza mpaka mwisho: mipira, vibano, hewa, mlima.

— Mungu ni mwema, alisema. Na huyo mtoto, ni wa kike au wa kiume?

Redio alimtazama Azimio. Azimio alimtazama Fundi. Fundi alinitazama mimi.