Kisima cha Kilima cha Tatu

Kijiwe cha Langoni kina maneno mengi kuliko kahawa, na alasiri ile, mwaka wa pili wa uhuru, kilikuwa kimechafuka. Walimu tisa wa bara waliokuja likizo walitoka Shela baada ya alfajiri kuvuka vilima vya mchanga kwa miguu, wakiongozwa na Athman, mshona kofia. Mpango ulikuwa mashua iwachukue Kipungani, upande wa pili wa vilima, adhuhuri wawe mjini. Mashua imerudi tupu. Nahodha kangoja hadi kachoka. Babake Athman, Mzee Kamaludin, alikaa mwisho wa benchi, kahawa imempoa mkononi. Ni yeye aliyemwambia mwanawe wasijitwike maji bure: chini ya kilima cha tatu kuna kisima, maji yake matamu.

— Wamepotea ndia tu, alisema Mkasi, fundi cherehani. Mchanga wa kule yeo uko hapa, kesho umehama.

— Kupotea wapi! alimkata Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuwa na pa kuzimia. Mashifta hao, na bunduki zao. Wamevuka kutoka ng'ambo, Mokowe.

— Mashifta na walimu wapi na wapi? Wataiba chaki?

— Basi fisi.

— Fisi ale watu kumi, asibakishe hata kiatu?

— Haya, majini! Wallahi, kule juu wana mji wao. Wamewakaribisha harusini. Wakishaonja pilau tu, hawarudi.

Kamaludin alimshukuru Redio kimoyomoyo. Mashifta, fisi, majini, lolote lile, mradi isiwe kiu. Jua la siku hiyo lilikuwa halina huruma.

— Bwana Kamaludin, mbona kimya? aliuliza Mkasi. Si ndiwe bingwa wa vilima? Miaka ishirini watuhadithia ulivyovivuka.

— Nawaza tu.

Akaimwaga chini kahawa iliyopoa.

— Usitie shaka, alisema Redio. Mai yapo. Pengine wamekaa kisimani wanaoga!

Akacheka peke yake.

Hapo akatokea uchochoroni Bi Nerea, mke wa Mwalimu Phineas, mmoja wa wale tisa. Macho yamemwiva, na nyuma yake punda wawili wamebebeshwa madebe ya maji.

— Shikamooni wazee. Nimepata punda na wanaume wanne, lakini hakuna ajuaye njia. Nani hapa amekiona hicho kisima kwa macho yake, atupeleke?

Mkasi akamtazama Redio. Redio akamtazama Kamaludin. Muuza kahawa akajitia kupangusa vikombe vilivyokwisha kupanguswa.

— Mzee? Athman alisema wewe unakijua.

Kamaludin aliweka kikombe chini. Kisima chenyewe alikisikia kwa babake, na babake kwa mtu wa Pate. Yeye amekisimulia mara nyingi mno, hata alijua ndoo yake imetobokea wapi. Sasa mwanawe yuko mchangani na watu tisa, na hana hata tone la maji, kwa sababu alimwamini baba.

— Mwanangu, alisema. Mimi Kipungani huenda kwa mashua.

Bi Nerea hakupiga kelele wala hakulia. Alimtia Kamaludin kamba ya punda mkononi, akatangulia kuelekea vilimani.