Bi Thuraiya binti Humoud, Asiyeuza Embe Katika Maua

Mimi Hija Nyange, mkwe wa marehemu, nilimwona Bi Thuraiya binti Humoud kwa mara ya kwanza mwezi wa Julai 1998, nilipokuja Mtambile kutoka Shumba pamoja na ami yangu kumposa binti yake, Raniya. Alikuwa shambani, amevaa sweta la baba yake juu ya kanga, anatazama maua ya miembe. Tulipokwisha kuamkiana akauliza, "Huko Shumba kumenyesha?" Ami akasema hapana. Mimi kwa haya nikasema ndiyo. Akatutazama, akasema, "Basi kila mmoja katoka Shumba yake."

Marehemu alizaliwa hapa Mtambile tarehe 14 Machi 1950, mtoto wa tatu wa Mzee Humoud bin Ridha na Bi Moza. Mashamba ya babu yake yalikuwa makubwa. Yeye alirithi miembe kumi na saba ya boribo, wala hakuna aliyemsikia akizungumzia mashamba yaliyopotea. Alihitimu Kurani chuoni kwa Bi Asma, na skuli alifika darasa la sita.

Aliolewa mwaka 1969 na Mzee Muadh, wakajaaliwa watoto watatu. Mzee Muadh alifariki mwaka 2009.

Kazi yake ilikuwa miembe hiyo. Wanaolima wanajua kwamba embe za mwisho wa mwaka huamuliwa na kipupwe. Usiku ukiwa na baridi na mbingu zikiwa kavu, mwembe hutoa maua. Usiku ukiwa na joto, hutoa majani. Na mvua ikinyesha juu ya maua, huwa meusi na kupukutika. Zamani watu wa Mtambile walilala na blanketi mwezi wa Julai. Miaka hii wengi wanalala na feni, na mvua inakuja isipotarajiwa.

Kwa ajili hiyo wakulima wengi hukodisha miembe ikiwa katika maua. Mnunuzi hulipa mapema, na mvua ikija hasara ni yake. Mzee Muadh aliwahi kumkodishia mtu wa Mkoani aitwaye Ame, mwaka 1983. Mwezi wa Julai ikanyesha. Novemba Ame akaja na makapu yake, akapanda, akashuka na kapu tupu. Akanywa chai, akashukuru, akaaga. Bi Thuraiya alisema ingekuwa afadhali angetukana. Tangu siku hiyo akashika alilofunzwa chuoni, kuwa tunda haliuzwi mpaka lionekane limesalimika. Hakumhubiria mtu. Wanunuzi walimtania kwamba embe zake zinauzwa na cheti cha kuzaliwa.

Maradhi yalianza mwezi wa Aprili mwaka huu kwa maumivu ya tumbo. Madaktari wakaona uvimbe, wakashauri apelekwe Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji bila kuchelewa. Mwaka huu baridi iliingia mapema, na ilipofika mwisho wa Juni miembe yote ilikuwa myeupe kwa maua. Mbarouk, mfanyabiashara wa matunda wa Gombani, akaja kutaka kuikodi yote. Alichotaka kutoa kingetosha safari na matibabu.

"Mimi nainunua na hasara yake, Bi Thuraiya," alisema.

"Nioneshe embe moja, Mbarouk, nikuuzie."

"Maua yote hayo huyaoni?"

"Nayaona. Wewe umekuja kutaka maua?"

Raniya alikuwepo. Akamwambia, "Mama, Mtambile nzima wanakodisha, na msikitini wamo."

"Wamo. Nani kawaambia watoke?"

"Maradhi hayangoji embe."

"Najua, mwanangu. Tumbo ni langu."

Mbarouk akaondoka. Raniya alikasirika, ila uji alimpelekea mama yake kila asubuhi. Wiki ya pili ya Julai mvua ikaingia na upepo wa kusi, mfululizo. Maua yakawa meusi. Mwaka huu miembe ile haikuzaa cha kuuza.

Mwanawe Haitham aliuza pikipiki yake, akampeleka Dar es Salaam mwezi wa Septemba. Madaktari wakaona uvimbe umeshaenea, wakamrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Hatujui kama kwenda Julai kungebadilisha jambo.

Mwezi wa Oktoba Mbarouk alikuja kumtazama mgonjwa, na kapu mkononi. "Nimekuletea machungwa, Bi. Usiogope, nimeyanunua yakiwa machungwa." Marehemu alicheka mpaka akashika tumbo, akaomba amenyewe moja.

Bi Thuraiya alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Jumatano, tarehe 20 Novemba 2024, akazikwa siku hiyo baada ya sala ya adhuhuri. Ameacha watoto watatu, Raniya, Haitham na Buthaina, wajukuu tisa, na ndugu mmoja, Bi Rahila. Familia inawashukuru majirani wote mliofika kwenye hitima hii. Mola amsamehe, ampe kivuli na raha huko alikotangulia.

Jumatatu kabla ya kufa kwake nilisimama mlangoni kumwamkia, kama ilivyo ada ya mkwe. Akaniita niingie ndani. Akasema, "Hija, mwakani Raniya atataka kukodisha maua. Usimzuie, miembe ni yao sasa. Lakini Mbarouk akiuliza kama mvua itakuja, mwambieni kweli. Mwambieni hatujui."