Sarantos Hakuwa Mgonjwa

Mheshimiwa Naibu Waziri, Mstahiki Meya, Baba Padri, ndugu wasanii wenzangu, na ninyi wakazi wa mtaa huu mliobeba viti kutoka majumbani kwenu kwa sababu vya ukumbi havikutosha, nawasalimu nyote. Nawe Sarantos Kalfoglou, uliyekaa safu ya mbele na kofia yako magotini, nakusalimu mwisho kwa kuwa siku ni yako: leo ukumbi huu wa wazi wa sinema unapewa jina lako, na wizara imekuletea nishani.

Kwa wasionijua, mimi ni Evanthia Melissinou. Huyu mzee amenioa mara kumi na moja, zote kwenye filamu, na mara zote nimempiga kwa sufuria. Ilikuwa sufuria ya kweli, maana mtayarishaji wetu alikuwa bahili, akakataa kutengeneza ya maboksi. Kovu lile juu ya nyusi yake ya kushoto ni langu, na ninajivunia.

Nimeombwa nieleze maisha yake. Alishuka melini hapa bandarini Pireo akiwa na miaka kumi na mmoja, mkimbizi kutoka Smirna, ng'ambo ya bahari, yeye na mama yake, Bibi Anatoli, na godoro moja. Alipokua akawa muuza barafu. Siku moja mbele ya ukumbi wa maonyesho aliteleza na pande la barafu begani, akaserereka mteremko mzima mpaka mlangoni kwa muuza samaki, na watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mwenye ukumbi akamkimbilia. "Umeumia, kijana? Umeanguka vibaya!" Sarantos akajipangusa, akasema, "Mimi sikuanguka, bwana. Barafu ndiyo iliyoanguka, mimi nimeisindikiza tu." Wiki ile ile akapewa kazi jukwaani.

Kutoka hapo zikaja filamu thelathini na nne. Alikuwa karani anayeonewa na bosi, mkwe anayeonewa na mama mkwe, mpangaji anayeonewa na mwenye nyumba. Wasomi wa mjini waliandika kwamba hivyo ni vichekesho vya wauza samaki. Mnakumbuka alivyowajibu? "Wauza samaki wananunua tikiti. Ninyi mnaingia bure, halafu mnanuna." Lakini niwaulize, ni nani aliyewachekesha mama zenu waliposhona mashati ya watu tangu alfajiri hadi vidole vikatoka damu? Ni wasomi? Ni mawaziri?

Sasa nafika mwaka 1968, na naona Mheshimiwa Naibu Waziri anatazama saa yake. Vumilia, Mheshimiwa. Wenzako tulivumilia miaka saba.

Makanali wa jeshi walikuwa wamepindua serikali na kuishika Ugiriki yetu, na walipenda sana sherehe za uwanjani. Mchana mmoja tulikuwa studio tunakula maharage, akaingia ofisa mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka inakata, mkononi ana karatasi.

"Kalfoglou, Jumapili utasoma shairi hili uwanjani. La kumsifu mkuu wa serikali. Dakika mbili tu."

Sarantos akafuta mdomo, akalisoma kimya kimya, akamrudishia.

"Haiwezekani, mkubwa. Mimi mchekeshaji. Nikilisoma hili, watu watacheka."

"Lisome kwa uzito."

"Mama yangu! Hapo ndipo watakufa kabisa."

Sisi tukatazama sahani zetu. Ofisa akawa mwekundu mpaka masikioni. "Unajua unazungumza na nani wewe?"

"Hapana," akasema Sarantos, taratibu, bila hata chembe ya mzaha. "Na hiyo ndiyo tofauti yetu. Mimi watu wananijua hata nikivua nguo za kazi."

Siku ya tatu walimchukua kinyozini, nusu ya uso imenyolewa, nusu ina povu. Alikaa miezi ishirini na miwili kwenye kisiwa cha mawe kisicho na mti wala kisima. Aliporudishwa alipigwa marufuku kuigiza, na jina lake likakatwa kwenye filamu zake mwenyewe, mkawa mnaona sura yake tu kwenye kioo cha sinema, kama mtu asiyezaliwa na mama.

Nami nilifanya nini? Hili sijawahi kulisema hadharani. Waliniletea karatasi inayosema kwamba simfahamu nje ya kazi na kwamba nalaani mwenendo wake. Nikatia sahihi. Nilikuwa na filamu mbili mbele yangu, na niliogopa. Aliporudi kutoka kisiwani, amekonda kama waya, alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu. Nilifungua mlango nikashindwa hata kumkaribisha. Akasema, "Mke wangu, siku zote hizi sijapigwa na sufuria. Unaniambia nini?" Nikalia pale pale mlangoni, yeye akapita jikoni kujipikia kahawa. Neno la ile karatasi hajaniuliza mpaka leo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, fungueni kile kijitabu mlichogawiwa getini, kilichochapishwa na wizara. Ukurasa wa nne umeandikwa hivi: "Kuanzia mwaka 1968 hadi 1974 msanii alipumzika kwa sababu za kiafya." Sababu za kiafya! Sarantos hakuwa mgonjwa. Alikuwa mzima kuliko sisi sote. Wagonjwa tulikuwa sisi tuliotazama sahani.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa wizarani alinipigia simu.

"Mama Evanthia, katika hotuba yako, tafadhali tusirudi huko nyuma."

"Wewe ulikuwepo huko nyuma, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nilikuwa mdogo."

"Basi huwezi kurudi mahali ambapo hujawahi kufika. Niachie mimi, najua njia."

Nilitia sahihi uongo mmoja juu ya mtu huyu. Wa pili sitautia sahihi, hata uchapwe kwa wino wa dhahabu.

Mnajua kwamba tangu kiharusi kile cha majira ya baridi Sarantos hawezi kusema. Jana nilimpelekea kijitabu hiki pamoja na barua ya nishani. Alivisoma vyote viwili. Kisha akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, na kwa nusu saa nzima akaandika maneno haya, nayasoma kama yalivyo: "Ukumbi ni wa watu, naupokea kwa mikono miwili, ingawa mmoja haufanyi kazi. Nishani ni ya wizara. Ibaki huko mpaka wizara ijifunze kuandika."

Mheshimiwa Naibu Waziri, kile kiboksi cha bluu chenye nishani kiko pale mezani, hakuna aliyekigusa. Tafadhali usikisahau ukiondoka.

Meya, mafundi, na akina mama mliofagia uwanja huu tangu asubuhi, Mungu awazidishie. Filamu yake inaanza sasa hivi, na safari hii jina lake litatokea, kwa herufi kubwa. Jambo moja tu: sikio lake linalosikia vizuri ni la kulia. Mliokaa upande huo, chekeni kwa nguvu.

Nawashukuru sana kwa masikio yenu na uvumilivu wenu.