Begi la Kumlinda Colby

Theluji ilianguka taratibu, basi la chuo likawa kama linaelea. Mbele yangu kijana wa nyumba ya udugu, bweni la chama cha wanafunzi wa kiume, alijisifu kwa msichana aliyeketi naye. "Kwetu pombe kali marufuku, dada. Na kila sherehe mmoja hanywi, analinda wenzake. Jana zamu yangu."

"Na akilewa mtu chakari?"

"Kama mwenzetu Colby jana? Nilimlaza ubavu, nikamvika begi langu la vitabu mgongoni, asigeuke chali akapaliwa na matapishi."

"Ungempeleka hospitali."

"Chuo kitufungie nyumba? Begi linatosha. Asubuhi hii nimemwacha bado amelala."

Msichana akafuta ukungu kiooni, akageuka polepole. "Ndilo hilo ulilopakata?"

Kijana akalitazama kana kwamba limepanda basi lenyewe. Basi likasimama.